Tendaguru, kilima kilichotoa mjusi wa Berlin

Wageni wengi wanaoshuka Mtwara na Lindi huulizia fukwe, kisha wakaelekea Kilwa kuona magofu. Tendaguru hawaijui, wakati mifupa ya dinosaria iliyotoka kilimani hapo inajaza ukumbi mkubwa wa Makumbusho ya Mambo ya Asili mjini Berlin.

Habari zake zilianza kuenea Ulaya mwaka 1906. Mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuwa akitafuta vito katika bara la Lindi alipokuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Mwaka uliofuata profesa Eberhard Fraas alikuja kujionea, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Zaidi ya tani 200 za mifupa ya wanyama walioishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita zilipelekwa Ujerumani.

Majina ya Wajerumani hao hayakosekani vitabuni. Lakini kazi ilikuwa ya mikono ya watu wa kusini. Vita ya Maji Maji ilikwisha mwaka 1907, ikaacha nchi ya Wamwera na majirani zao katika njaa kali, mashamba na akiba za chakula zimechomwa na jeshi la Wajerumani. Miaka miwili tu baadaye, mamia ya wanaume wa eneo hilo walikuwa kilimani wakichimba kwa ujira wa watu wa taifa lililowashinda. Wengi walikuja na wake na watoto, kikaota kijiji kizima mahali ambapo hata maji yalifuatwa mbali.

Si kazi ya kubomoa mwamba hovyo. Udongo wa juu uliondolewa kwa jembe na sururu, lakini mfupa ulipoanza kuonekana zana hizo ziliwekwa kando, mchimbaji akaendelea polepole kwa kisu na brashi. Mfupa uliokaa ardhini muda huo wote umejaa nyufa, na pigo moja la haraka huugeuza kifusi. Vipande vilipewa namba ili vije kuunganishwa. Kisha mianzi ilipasuliwa na kufungwa kuuzunguka mfupa pande zote, hata mzigo ukafanana na ngoma.

Aliyesimamia wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wajerumani wenyewe walimsifu kwa ujuzi wake, na kwangu mimi huyu anastahili kutajwa kila Tendaguru inapotajwa, kwa sababu bila msimamizi wa namna hiyo mashimo yale yote yangetoa mabaki yaliyovunjika tu.

Halafu ikaja safari ya kwenda bandarini. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Wapagazi walitembea kama siku nne hadi Lindi, mzigo kichwani au begani, na mifupa mizito ikatundikwa kwenye miti ikabebwa na watu kadhaa. Mvua zilipoanza, uchimbaji ulisimama hadi kiangazi.

Mjusi mkubwa kuliko wote alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Alipounganishwa upya mwaka 2007 kwa kufuata utafiti mpya, kichwa chake kilifika mita 13.27 juu ya sakafu. Wataalamu sasa wanamwita Giraffatitan. Waingereza nao walichimba Tendaguru kati ya 1924 na 1931, wakapeleka shehena yao London.

Suala la mifupa hiyo kurudishwa limefika hata bungeni Dodoma. Msimamo wangu ni kwamba, iwe imerudi au haijarudi, kilima chenyewe kinahitaji barabara inayopitika, kituo cha wageni na maelezo ya Kiswahili yenye majina ya waliochimba. Anayetaka kwenda leo aende kiangazi, kwa gari imara, aulizie njia ya Mipingo na atafute mwenyeji wa kumwongoza, kwa kuwa bila yeye atapita kando ya mashimo ya zamani, yaliyofunikwa na vichaka, asiyatambue.

Boheti alikumbukwa pia mwaka 2007: dinosaria mwingine wa Tendaguru, aliyetambuliwa kwa pingili zake za shingo, alipewa jina la Australodocus bohetii.