Deus Ex: Mchezo Uliouliza Dawa Iko Mikononi mwa Nani

Mnamo Juni 2000 studio ya Ion Storm ya mjini Austin, Texas, ilitoa mchezo wa kompyuta ambao hadithi yake inaanzia kwenye gati la Kisiwa cha Liberty, New York, usiku mmoja wa mwaka 2052. Sanamu ya Uhuru haina kichwa. Kimelipuliwa kwa bomu. Ugonjwa uitwao Kifo cha Kijivu unawateketeza maskini mitaani. Chanjo ipo, inaitwa Ambrosia, lakini ni haba, na wanaoigawa huanza na wakubwa. Mchezaji ni JC Denton, askari chipukizi wa kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na ugaidi, ambaye mwilini mwake mmepandikizwa mashine ndogo zisizoonekana kwa macho. Kazi yake ya kwanza ni kuikomboa shehena ya chanjo iliyotekwa na waasi. Kaka yake, Paul, anamlaki gatini na kumpa silaha moja kati ya tatu, achague mwenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa mtu mzima mwaka 2000 anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwepo, lakini mseto wa dawa tatu uligharimu kiasi cha dola 10,000 au zaidi kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na ndugu zetu walikuwa wakifa. Kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa kutunga sheria iliyofungua mlango wa dawa nafuu. Ilikuwa Februari 2001 ndipo Cipla ya India ilipotangaza kwamba inaweza kuutoa mseto huo kwa dola 350 kwa mwaka, na Aprili ya mwaka huo kampuni zile zikaiondoa kesi mahakamani. Watunzi wa Deus Ex hawakuwa wakiandika habari za Durban wala Dar es Salaam. Walikuwa wakijibu gumzo la Marekani ya miaka ya 1990 kuhusu serikali za siri na matajiri wanaoiendesha dunia kutoka nyuma ya pazia. Hata hivyo waligusa donda la kweli, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoufanya mchezo wao udumu kuliko mingi iliyokuwa na picha nzuri zaidi.

Chimbuko lake liko mbali kidogo. Warren Spector, aliyeuongoza mradi, alianzia kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ya kete na karatasi, ambamo kundi la marafiki huitunga hadithi kwa pamoja na kila tendo la mchezaji hulazimisha dunia ijibu. Kisha akaingia kwenye kompyuta na kushiriki katika Ultima Underworld ya 1992 na System Shock ya 1994, kazi mbili zilizojaribu kuirudisha ile hali ya meza ndani ya skrini. Baadaye, alipokuwa kwenye mradi wa Thief, mchezo wa kunyatia uliotoka 1998, alikwama mahali pagumu akaomba apewe uwezo wa kupigana ili apite. Wenzake walikataa, mchezo ule ulikuwa wa kunyata. Akaazimia kutengeneza mchezo ambao mtu akishindwa kunyata atapigana, akishindwa kupigana atazungumza, na akishindwa kuzungumza atatafuta njia ya kupitia juu ya dari.

Deus Ex iliitimiza ahadi hiyo kwa namna ambayo hata watengenezaji wake hawakuitegemea. Wachezaji waligundua kwamba mabomu madogo ya kubandika ukutani yanaweza kuwa vidato vya kupandia, wakaruka kuta ambazo hazikukusudiwa kurukwa. Ukiingia choo cha wanawake makao makuu, bosi wako atakukaripia ukifika ofisini kwake. Hayo ni madogo. Kubwa linatokea ndani ya ndege iliyoegeshwa kwenye uwanja wa siri. Kiongozi wa waasi, Juan Lebedev, amejisalimisha. Mwenzako wa kikosi, Anna Navarre, anakuamuru umuue. Unaweza kutii. Unaweza kuondoka, na Anna atamuua yeye mwenyewe. Au unaweza kugeuka na kumpiga risasi Anna papo hapo, jambo ambalo mchezo haukulidokeza kabisa, na hadithi itaendelea ikikubali kwamba umefanya hivyo.

Kuna tukio jingine ambalo siwezi kuliruka. Baada ya kugundua kwamba mwajiri wake ni mshiriki wa uovu ule ule aliodhani anaupiga vita, JC anamkuta Paul chumbani hotelini, mahututi, na askari wako njiani. Paul anamwambia atoke dirishani, akimbie. Wengi wetu tulikimbia, kwa sababu tumezoea kwamba mhusika anapotoa agizo la namna hiyo, kifo chake kimekwisha kuandikwa. Paul akafa. Miaka ikapita kabla ya wengine kusikia kwamba ukikaa, ukapigana na askari wale na kutokea mlangoni, Paul anabaki hai hadi mwisho wa hadithi. Hakuna maandishi yaliyotokea kwenye skrini kukuambia chagua hiki au kile. Ilikuwa juu yako kuamua kwamba ndugu yako haachwi.

Watu hupenda kuusifu mchezo huu kama utabiri. Minara miwili ya World Trade Center haionekani katika mandhari yake ya New York. Sababu ilikuwa ufinyu wa kumbukumbu ya kompyuta, na watengenezaji wakajitetea kwamba magaidi waliiangusha. Mwaka mmoja baadaye ikaangushwa kweli. Mimi sioni unabii hapo. Na Illuminati, jina ambalo msomaji wa magazeti ya udaku hahitaji kufafanuliwa, kwenye mchezo ni nyenzo tu ya kusimulia. Nje ya mchezo, porojo za aina hiyo zimewafanya watu wa kweli wakimbie chanjo za kweli. Kilicho na uzito ni kitu kidogo zaidi. Anna na mwenzake Gunther, askari wenye viungo vya chuma vya kizazi kilichopitwa na wakati, wamepandikizwa na mwajiri wao neno la siri: likitamkwa mbele yao, wanalipuka. Wamejitoa mwili mzima kwa taasisi, na taasisi imeweka swichi ndani yao. Kuna waajiriwa wengi, hata wasio na chuma mwilini, watakaoelewa.

Mchezo wa pili, Invisible War, ulitoka Desemba 2003 na ulikuwa mdogo kuliko jina lake. Ulitengenezwa kwa ajili ya Xbox pamoja na kompyuta, na kumbukumbu ya Xbox ikayabana maeneo yake yakawa vyumba vyumba; silaha zote zikatumia risasi za aina moja. Sehemu yake ya Cairo bado inanivutia: matajiri wanaishi ndani ya jengo kubwa lililofungwa, hewa safi na bustani, na nje yake mji wa kale umeachiwa tauni. Studio ya Austin ilifungwa mwaka 2005.

Ufufuo ulitokea Kanada. Eidos-Montréal, studio iliyoanzishwa 2007, ilitoa Human Revolution Agosti 2011, ikarudisha saa nyuma hadi 2027, Detroit. Adam Jensen, mkuu wa ulinzi wa kampuni ya viungo bandia, anajeruhiwa karibu kufa, na anapozinduka mikono yake ni ya chuma. Hakuulizwa. Picha zote zimetiwa weusi na dhahabu, mavazi yakikumbusha michoro ya Ulaya ya zama za Mwamko. Ila uzuri halisi uko kwenye dawa: kila aliyewekewa kiungo bandia hutegemea Neuropozyne maisha yake yote, la sivyo mwili unakikataa kiungo hicho, na mitaani wapo wasio na uwezo wa kuinunua. Swali la Ambrosia limerudi, mara hii likiwa limevaa suti ya ofisini. Dosari yake kubwa ilikuwa mapambano na maadui wakubwa, ambayo kazi yake ilipewa kampuni nyingine. Mchezaji aliyenyata kutwa nzima alijikuta amefungiwa ukumbini na mtu wa kupigwa risasi tu. Toleo la 2013 lilirekebisha hilo.

Mankind Divided ya 2016 ilichukua hatua ya hatari. Ni mwaka 2029, Prague, na watu wenye viungo bandia wanatengwa kisheria. Matangazo yake yaliitumia waziwazi lugha ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Lawama zilikuja, na zilikuwa za haki. Mateso ya Soweto hayakuwa mali ya kuuzia bidhaa, na waliotengwa katika mchezo huu, tofauti na watu wa Soweto, ni kundi lililokuwa na nguvu za kuogopwa kweli. Lakini panda treni ya Prague. Mabehewa ni mawili. Jensen akiingia lile la wasio na chuma, abiria wanamkodolea macho, na akishuka askari wanamdai vyeti. Mchezo haumkatazi, unamfanya tu alipe kwa kukaguliwa kila safari, hadi unajikuta, bila kuamriwa na mtu, unaanza kupanda behewa la wenzako. Sijaona riwaya iliyonionyesha kwa haraka hivyo jinsi utii unavyoingia mwilini.

Hadithi ya Jensen ilikatika hapo, na mafundo yake mengi hayakufunguliwa. Kilichofuata ni biashara. Square Enix ya Japani, iliyokuwa imeinunua Eidos mwaka 2009, iliziuza studio zake kadhaa pamoja na haki za Deus Ex kwa Embracer ya Sweden mwaka 2022, kwa dola milioni 300. Januari 2024 Eidos-Montréal ikawaachisha kazi watu 97, na vyombo vya habari vikaripoti kwamba Deus Ex mpya iliyokuwa ikiandaliwa imefutwa. Mei ya mwaka huo Microsoft ikaifunga Arkane Austin, studio iliyoirithi falsafa ile ile katika mji ule ule; Harvey Smith, mbunifu mkuu wa Deus Ex ya kwanza, alikuwa kiongozi wake.

Watu wa kujitolea ndio waliobaki na kazi. Mwaka 2015 kundi lao lilitoa Revision, marekebisho ya bure yaliyojenga upya maeneo ya mchezo wa 2000, na wengine wanaendelea kuufanya ufunguke kwenye kompyuta za leo. Asiyewahi kuujaribu namshauri aanze na ule wa kwanza: unauzwa kwa bei ndogo, unakubali kompyuta mpakato ya kawaida kabisa, na nyuso zake za pembe pembe utazizoea kabla hujamaliza kisiwa cha kwanza.