Lango la Santiago, Melaka
Inua macho juu ya tao. Nembo iliyochongwa pale, na mwaka 1670, ni ya Waholanzi. Lango lenyewe si lao. Ni mabaki ya A Famosa, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa baada ya Afonso de Albuquerque kuiteka Melaka mwaka 1511 na Sultani Mahmud Shah kukimbia. Baadhi ya mawe yalitolewa kwenye misikiti na makaburi ya masultani. Waholanzi waliiteka mwaka 1641, wakaikarabati, wakabandika alama yao. Mwaka 1807 Waingereza, walioishika baada ya Waholanzi, walianza kuibomoa kwa baruti. Afisa wao Stamford Raffles akaingilia kati, ingawa kwa kuchelewa: kati ya malango manne, limesalia hili.