Hewa, Upepo, na Kikaangio Kisichotaka Mafuta

Mwaka jana wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa na mashamba ya Bariadi, mkoani Simiyu, yamebaki na vishina vitupu vikingoja kung'olewa na kuchomwa moto, nilifunga safari kwenda kumjulia hali mpwa wangu aliyeolewa huko. Na katika jiko lake, juu ya meza, baina ya chujio la chai na dumu la mafuta ya pamba, nilikikuta chombo cheusi mfano wa yai kubwa lililokatwa kitako, chenye kitu kama mtoto wa meza upande wa mbele, na mkono wa kukivutia. Nikamwuliza ni nini.

"Hii eafraya, mjomba. Inakaanga bila mafuta."

Mimi nimekula umri wangu katika kufundisha lugha, na mtu wa kazi hiyo aghalabu hupatwa na maradhi ya kutoweza kupitwa na neno jipya pasi na kulisimamisha na kuliuliza litokako. Lakini siku hiyo nilitanguliwa. Mama mkwe wake, bibi wa Kisukuma ambaye nilikuwa nimekwisha kumwamkia kwa "Mwangaluka, mayu" na kuitikiwa vivyo hivyo, alikuwa amekaa juu ya kigoda mlangoni akichambua michembe katika ungo, na bila ya kuinua uso aliuliza, "Kama hakuna mafuta, inakaanga na nini?"

"Na hewa, mama."

"Hewa si hii tunayovuta? Mbona haijatukaanga?"

Tulicheka sote, kisha nikaona kwamba swali lile halikuwa la mzaha, kwani ndani yake imo kasoro yote ya tafsiri ambayo wengi wetu huikimbilia tunapotakiwa kukipa chombo hiki jina la Kiswahili.

Chombo chenyewe si cha zamani. Aliyekibuni ni Mholanzi, Fred van der Weij, na kampuni ya Philips, ambayo nayo ni ya Uholanzi, ndiyo iliyokitoa hadharani katika maonyesho ya Berlin mwaka 2010, kwa jina lililounganisha maneno mawili ya Kiingereza, la hewa na la kukaanga. Jina hilo lilitoka kwa wafanyabiashara, wala halikutoka kwa wanazuoni. Maana neno la kukaanga katika lugha ile hubeba mafuta ndani yake takriban kila linapotamkwa, na kulitoa mafuta likabaki peke yake ilikuwa ni njia ya kumshtua mnunuzi asimame dukani, mfano wa mtu anayetangaza kwamba anauza mvua kavu.

Kiswahili hakina mshtuko huo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba "kukaanga bila mafuta" ni maneno yanayopingana. Karanga hukaangwa kavu, au katika mchanga uliopata moto, au katika chumvi, bisi hukaangwa, na buni hukaangwa juu ya chuma kikavu mpaka ikawa nyeusi na nyumba nzima ikajaa harufu yake, wala hapana aliyewahi kumwuliza mwenye buni mafuta yako wapi. Kukaanga, kwa mujibu wa matumizi yetu ya tangu na tangu, ni kukitia kitu katika chombo kilichoshika moto na kukigeuza na kukigeuza mpaka unyevu wake utoke, rangi yake ibadilike na harufu yake itokeze. Mafuta ni mgeni katika kazi hiyo. Akija hukaribishwa, asipokuja kazi huendelea. Basi anayeona kwamba kukaanga pasipo mafuta ni muhali, huyo amefikiri kwa Kiingereza kwanza, kisha ndipo akasema kwa Kiswahili.

Kwa chombo cha kukaangia hatuna dhiki ya neno. Lipo kaango, lipo kikaango, na lipo kikaangio, ambalo limejengwa juu ya kaangia kwa desturi ile ile iliyotupa kifungio. Yuko atakayesema kwamba "kikaangio cha hewa" kitadhaniwa kuwa ni cha kukaangia hewa, kama vile kikaangio cha samaki kilivyo cha kukaangia samaki. Lakini jiko la mkaa halikupata kupika mkaa, na hapana mtoto wa miaka mitano anayebabaika kwa hilo. Shida haiko katika neno "cha". Iko katika hewa.

Hewa, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kile kilichotuzunguka hata kikiwa kimetulia tuli: chumba hakina hewa, hali ya hewa, hewa ya mlimani. Upepo ni hewa iliyoshika njia. Na chombo hiki, ukikifungua ukakitazama kwa juu, utakuta koili ya umeme inayowaka nyekundu, na pamoja nayo pangaboi dogo linalozunguka kwa kasi, ambalo kazi yake ni kuusukuma ule moto juu ya chakula, ukapita kando zake na chini yake kwa matundu ya kikapu, ukarudi juu kupashwa tena, mara baada ya mara, katika joto linalofika hata digrii 200. Lisimamishe pangaboi hilo, na kilichobaki mbele yako ni oveni ndogo tu, wala si ya ajabu. Kinachokaanga ni mwendo.

Nililijua hili kwa kinywa changu jioni ile ile. Mpwa wangu, kwa kutaka kunikirimu, alikata viazi vya chipsi kiasi cha kilo nzima, akavijaza katika kikapu mpaka pomoni, na juu yake akamlaza sato mzima aliyeletwa asubuhi kutoka Lamadi, kule Busega, ambako mkoa wa Simiyu unagusa Ziwa Viktoria. Akafunga, akazungusha saa mpaka dakika 20, tukaongea. Kengele ilipolia akavuta ule mtoto wa meza, na uso wake ukabadilika: sato alikuwa ameungua mgongo na tumbo lake bado bichi, na viazi vilivyokuwa chini yake vilikuwa vimelegea na kutota, havikukaangwa wala havikuchemshwa, vina rangi ya mshumaa.

"Samahani, mjomba. Mwenye duka kaniambia ni hewa tu, niweke nitakavyo."

Nikamwambia avigawe mafungu. Fungu la kwanza akalitandaza lisipandane, akalipaka mafuta ya pamba kijiko kimoja, na dakika zilipofika nusu akakitoa kikapu na kukitikisa kama mtu apetaye mchele. Na safari hii viazi vilitoka vyekundu, vikilia katika meno. Sato mwingine akaingia peke yake, amechanjwa ubavuni ili joto lipate kumwingia. Sasa fikiri, ewe msomaji: lau chombo kile kingaliuzwa kwa jina la upepo, bibi yeyote wa Bariadi, ambaye tangu utoto ameupembua mtama mbele ya upepo na anajua kwamba upepo usipopata njia haufanyi kazi, asingalihitaji kuambiwa aache nafasi katika kikapu. Jina la hewa lilimnyima maarifa aliyokuwa nayo tayari.

Wako wanaopendelea tanuri, kwa kuwa ni neno tukufu, na kwa kuwa kwa sura chombo hiki kweli ni jamaa ya tanuri kuliko ya kikaango. Chakula kimo ndani, na moto umekifunika. Ushahidi wanao, maana katika miaka ya 1940 Mmarekani William Maxson alitengeneza tanuri dogo lenye pangaboi la kupashia vyakula vilivyogandishwa ndani ya ndege, na katika jina alilolipa akatia neno ambalo kwa Kiswahili ni kisulisuli. Nakiri kwamba neno hilo nusura linishinde. Yeyote aliyesimama kando ya barabara ya Bariadi mchana wa Agosti, akakiona kisulisuli kikiinuka katikati ya shamba la pamba na kubeba vumbi, majani makavu na vipande vya karatasi, kikazunguka na kuhama kama kitu chenye nia yake, ameyaona mambo ya ndani ya kile chombo yakifanyika chini ya jua. Hata kasoro yake ni hiyo hiyo, kwani jani jepesi la kiungo ukilisahau juu ya chakula hupeperushwa likaenda kunasa katika koili na kuungua. Walakini tanuri, katika Simiyu ya leo, ni lile rundo la matofali ya kuchoma linalotoa moshi siku kadha wa kadha nje ya mji. Nilipomwambia mayu, yule mama mkwe, kwamba huenda mkwewe analo tanuri juu ya meza, alinitazama kwa huruma.

Yeye mwenyewe alikuwa na neno lake. Baada ya kumla sato wa pili mpaka mapezi, aliomba kikapu, akakipindua, akatia kidole katika matundu yake, akasema: "Hii haikaangi. Hii inaanika haraka."

Nimelifikiri sana neno hilo tangu siku ile, na kila nikilifikiri naona limekaribia hakika kuliko lile la Berlin. Wasukuma wanazo njia mbili za kuhifadhi viazi vitamu, na kila moja ina jina lake: vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa, na mtu aliyekulia katika kazi hiyo anajua kwa vidole vyake unyevu unavyotoka katika kiazi, uso ukitangulia na moyo ukifuata. Ndivyo inavyokuwa katika kila ukaangaji. Maadamu uso wa chakula una maji, joto lake haliwezi kupanda sana kupita digrii 100, kwa kuwa moto wote unaishia katika kuyageuza maji yawe mvuke. Maji yakiisha usoni, joto hupanda, na hapo ndipo wekundu, harufu na ule ugumu mwembamba hupatikana. Mapovu tunayoyaona katika karai la mafuta si mafuta yanayochemka, ni maji ya chakula yanayokimbia. Mafuta huyafukuza kwa kukikumbatia chakula pande zote. Upepo wa moto huyafukuza kwa kuyapeperusha. Jua la Simiyu nalo huyafukuza, ila kwa siku kadhaa, na bila ya kuleta wekundu.

Kwa sababu hiyo hiyo si kila kitu kinachokaangwa kitakubali upepo. Bajia na vitumbua hutaka kuzama au kuogelea; rojo lake huvuja katika matundu kabla halijashikana, na likishikana huwa ni mkate. Kwa hiyo lile dumu la mafuta ya pamba, yaliyokamuliwa katika mbegu za mashamba yale yale yaliyoizunguka nyumba, halikuondoka mezani, ila linakwenda pole pole zaidi. Umeme nao si mwingi kama watu wanavyochelea: chombo cha wati 1,500 kikiwaka dakika 20 hula nusu uniti, ambayo kwa anayepata uniti 2.8 kwa shilingi 1,000 ni pungufu ya shilingi 200. Tangu mwaka 2024 serikali imeweka mkakati wa kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia "nishati safi ya kupikia," istilahi ambayo nayo inastahiki makala yake. Na katika nchi iliyokwisha miti kama ile, ambako hata vishina vya pamba huingia mafigani, habari hiyo si ya mapambo.

Basi mimi nasema kikaangio cha upepo. Sitaraji kwamba eafraya litakoma kwa ajili yangu. Friji linaishi na jokofu, na kompyuta imelishinda tarakilishi katika Tanzania ingawa vitabu vya Kenya bado vinalitunza. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, huweza kulisanifu neno, lakini anayelitia maisha ni mwenye duka na mwenye jiko.

Mwezi uliopita nilimpigia mpwa wangu simu nikamwuliza kikaangio cha upepo kinaendeleaje.

"Kipi, mjomba?"

"Eafraya."

"Aa, kipo. Lakini sikipati siku hizi, mama anatilia viazi vyake humo wakati wa mvua. Anakiita kianikio."