Watoto Waliotoka Mbali, Sehemu ya 4: Phiona alifuata uji

Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya humu, leo tunavuka mpaka kwenda Uganda, halafu tutamalizia Marekani. Ni historia ya binti aliyefikishwa mbali na chesi, ule mchezo wa ubaoni wenye mfalme na malkia, wengine wanauita sataranji. Kama huujui usijali. Na yeye alikuwa haujui.

Anaitwa Phiona Mutesi. Alikulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Baba yake alifariki kwa UKIMWI yeye akiwa na miaka kama mitatu. Mama yake, Nakku Harriet, akabaki na watoto na biashara ndogo za kubangaiza. Ada ikashinda. Phiona akaacha shule, akawa anatembeza mahindi ya kuchemsha, sufuria kichwani. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani. Nyie mnaokumbuka mafuriko ya Januari 2014 hapa kwetu Magole na Dumila, hilo hamhitaji kuelezwa. Na basi la Dodoma likisimama stendi yetu, akina Phiona tunawaona wenyewe, wanakimbilia madirisha na nyanya na vitunguu.

Mwaka 2005, akiwa na miaka kama tisa, alimnyatia kaka yake ajue huwa anakwenda wapi. Akakuta watoto wamekusanyika, wanafundishwa chesi na kijana mmoja, Robert Katende. Huyu naye alikulia kwenye dhiki, mpira ndio uliomvusha. Alianza kwa kuwachezesha watoto mpira, akaona wengine wanakaa pembeni tu, hawataki kuumia. Hao ndio akawaletea chesi, mwaka 2004.

Sasa sikilizeni: waliokuja kucheza walipewa uji. Phiona alifuata uji. Chesi aliikuta tu hapo.

Siku za mwanzo wenzake walimcheka kwamba ni mchafu, ananuka. Aliyepewa kazi ya kumfundisha alikuwa mtoto wa miaka minne! Katoto hako ndiko kalikomwonyesha kwamba askari mdogo wa mstari wa mbele, akivuka salama mpaka mwisho wa ubao, anaweza kugeuka malkia.

Mwaka 2009 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda Juba kwenye mashindano ya watoto, yeye na wavulana wawili wa kwa Katende. Wakarudi na kombe. Mwaka 2010 akaichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi kule Khanty-Mansiysk, Siberia, kwenye baridi ambayo hata Mgeta haijawahi kuiona. Mwaka 2012, Olimpiadi ya Istanbul, akapata cheo cha kimataifa. Yeye na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kuwa na cheo cha chesi.

Niwe mkweli, cheo chenyewe ni cha ngazi ya chini kabisa katika vyeo vya wanawake. Duniani wako wengi wanaomzidi kwa mbali. Lakini kwa binti wa Katwe kilitosha kufungua mlango. Mwaka huohuo 2012 kikatoka kitabu juu yake, na 2016 filamu, Lupita Nyong'o akiigiza kama mama yake. Mwaka 2017 Phiona akahamia Marekani kusoma chuo kikuu, Northwest University, jimbo la Washington. Akaenda pamoja na Benjamin Mukumbya, mmoja wa wale wavulana wawili wa Juba.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanasema "kipaji". Mimi kama nesi naona vitu vitatu kabla ya kipaji. Cha kwanza, uji. Mtoto mwenye njaa hawezi kutulia na jambo moja, awe darasani au kwenye ubao. Cha pili, mtu mzima aliyekuwa anarudi. Katende hakuja siku moja kupiga picha na kuondoka, alirudi mwaka baada ya mwaka.

Cha tatu ndicho kizito: mama aliyeruhusu. Harriet alihitaji ile mikono ya kuuza. Kila saa Phiona aliyokaa kwenye chesi, kuna mahindi hayakuuzwa, na jioni watu walitakiwa kula. Ruhusa ile ilimgharimu mama hela.

Kwa hiyo mama yangu mwenye meza pale barabarani, sikulaumu mtoto akikusaidia kuuza. Najua unga unapatikanaje. Ninachokuomba ni hiki: asubuhi apate uji kabla hajatoka, ukiweza uweke karanga au maziwa. Muda wa shule uwe wa shule. Na jioni umpe saa moja bila sinia kichwani. Huna ubao wa chesi? Chora drafti kwenye boksi, kusanya vizibo vya soda, umwite mjomba wake anayeshinda kijiweni kwenye drafti amfundishe. Sisemi kwamba atakwenda Marekani. Nasema kwa saa hiyo moja atakuwa mtoto anayefikiria hatua yake inayofuata.

Niandikieni hapo chini: wa kwako anapenda mchezo gani, na leo amecheza?