Leseni Imeisha, Lakini Nani Amesahau Kuendesha?

Wiki jana afande alinisimamisha, akageuza leseni yangu mara mbili, akauliza, "Kijana, hii si iliisha mwezi uliopita?" Wueh! Hata tarehe sikuwa nimeangalia.

Nyumbani mzee alicheka, kisha akatoa kile kijitabu chake chekundu cha zamani. Karatasi za malipo zimebandikwa ukurasa baada ya ukurasa. "Hapo unaona mtihani wowote?" Hakuna. Ni risiti tu.

Nikaingia kwa historia. Kumbe Uingereza, hao waliotutawala, walianzisha leseni kwa sheria ya 1903. Unalipa shilingi 5, unaendesha mwaka mmoja, unalipa tena. Mtihani wa lazima ulikuja 1935! Yaani leseni ilizaliwa ikiwa ada, usalama ukafuata nyuma. Na hapa kwetu, kabla NTSA iundwe kwa sheria ya 2012, leseni zilikuwa chini ya KRA, wale wale wa ushuru. Si hiyo inakuambia kitu?

Usiku huo nililipia upya kwa simu. Niliulizwa pesa. Hakuna aliyeuliza kama macho yangu bado yanaona.

Sisemi uvunje sheria. Ukigonga mtu na leseni imeisha, bima inaweza kukuruka, na aliyeumia ndiye atateseka zaidi. Lakini kama tunatozwa kwa jina la usalama, basi tupimwe huo usalama.

Haya, yako inaisha lini? Hebu itoe uangalie sasa hivi.