Kripsi za Muhogo: Kutoka Chakula cha Njaa Mpaka Pakiti ya Mjini

Wadau, kuna dada mmoja wa Kalinzi, jina kapuni maana mwenyewe hapendi umaarufu, anakaanga kripsi za muhogo jikoni kwake na watu wanagombania. Siku nilipozionja nikamwambia hii ni biashara ya mjini kabisa. Akacheka: "Bibi yangu mpaka leo haelewi mtu mwenye hela anakulaje muhogo kwa raha." Kauli hiyo ndiyo imenifanya nifukunyue historia kidogo.

Muhogo kwanza ni mgeni. Wareno waliutoa Brazil karne ya 16 wakauleta pwani ya Kongo, ukapenya bara shamba kwa shamba mpaka Ziwa Tanganyika. Ndizi nazo asili yake Asia. Mawese ndiyo ya Afrika yenyewe, na Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliyakuta tayari ni bidhaa ya biashara.

Sasa hapa ndipo stori inapokaza. Enzi za Mwingereza, wakulima wa Tanganyika walilazimishwa kulima muhogo kama akiba ya njaa, kwa sababu unavumilia ukame na unakaa ardhini mpaka siku utakapouhitaji. Baada ya uhuru, mvua zilipogoma miaka ya 1973 na 1974, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Jina tu linatosha kukuonyesha hali ilikuwaje. Ndiyo maana wazee wengi ukiwatajia muhogo wanakumbuka shida, na sisi tukakua tukiona aibu kwenda nao shule.

Kripsi zenyewe je? Mtandaoni utaambiwa zilivumbuliwa mwaka 1853 na mpishi George Crum wa Saratoga Springs, Marekani, kisa mteja msumbufu. Stori tamu, ila kitabu cha mapishi cha Mwingereza William Kitchiner cha 1817 tayari kilikuwa na viazi vyembamba vya kukaanga. Haya, Crum kapata jina. Mama wa kwanza kukata muhogo mwembamba huku kwetu, nani alimwandika?

Turudi jikoni Kalinzi. Dada anatumia muhogo mtamu tu. Ule mchungu una sumu ya sayanaidi na kuukaanga hakuimalizi. Ndiyo maana wazee wa Kigoma waliuloweka siku kadhaa kabla ya kuuanika na kuusaga. Hapo usilete ujanja. Anamenya, anakata vipande vyembamba kama karatasi, anaviloweka kwenye maji ya chumvi, halafu anavikausha kwa kitambaa, maana maji yakikutana na mafuta ya moto utajuta. Anakaanga kidogo kidogo. Chumvi na pilipili ya unga anamwagia zikiwa bado za moto. Ndizi anachukua mbichi. Iliyoiva ina sukari nyingi, inaungua kabla haijakauka. Mawese anayaweka kwa wateja wa Kigoma tu, maana wa Dar wakiona ile rangi wanasema zimeungua!

Wiki iliyopita kapata oda ya harusi, na bibi ndiye aliyemsaidia kumenya. Kuonja kakataa. Anasema muhogo alishakula wa kutosha.