Mafuta ya Kahawia: Jinja, Mbale na Maastricht

Mwaka 1861, miezi kadhaa kabla ya kufika Jinja na kuona Nile ikitoka ziwani, John Hanning Speke alikuwa Karagwe akimpima kwa futikamba shemeji ya Mfalme Rumanika, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa hadi kusimama hawezi. Kando yake binti yake alikuwa akinywa maziwa huku baba ameshika fimbo, asije akaacha. Kwa wenyeji unene ule ulikuwa heshima ya nyumba. Mwingereza aliuona kioja.

Leo Wazungu wanajipima wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwaweka wanaume 24 kwenye baridi ya nyuzi 16. Kati yao, 23 walikutwa na mafuta ya kahawia yanayofanya kazi. Kwa wale wanene kazi hiyo ilikuwa hafifu. Mafuta meupe huweka akiba. Haya ya kahawia huichoma: yamejaa mitokondria zenye chuma, na protini iitwayo UCP1 huifanya nishati itoke kama joto tupu. Basi wapo wanaojitosa kwenye maji ya barafu ili wapungue. Mimi sina imani nayo. Kwa mtu mzima mafuta hayo ni machache mno, na aliyetoka kwenye baridi hukimbilia chakula.

Wadi za watoto wachanga za Jinja na Mbale, Uganda, zinapigana na baridi hiyohiyo. Kichanga hawezi kutetemeka vya kutosha. Joto lake hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo katikati ya mabega na kuzunguka figo, na mtoto njiti amezaliwa nayo kidogo. Akipoa, sukari na oksijeni ambazo zingemkuza zinaishia kupasha mwili. Ndiyo maana mama humvua mwanawe, akamwachia nepi na kofia, kisha akamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, mbinu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Jinja ilikuwa miongoni mwa hospitali tano za Uganda zilizojaribu kuianza hata kabla mtoto hajatengemaa. Matokeo ya 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana katika vifo vya wiki ya kwanza, lakini hakuna aliyependekeza njiti arudishwe kwenye baridi.

Kwa watu wazima unene una kumbukumbu nyingine. Miaka ya 1980 UKIMWI uliwakondesha Waganda mbele ya macho ya jirani zao, na mashavu yaliyojaa yakawa cheti cha uzima. Anayetaka mzee wa Mbale apunguze kilo kwa sababu ya kisukari aanze na hofu hiyo ya kukonda. Ya Maastricht yatafuata.